Nyota Niliyoiandika Vumbi

Masisi, Jumapili, mwezi wa tisa, 1956

Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa, saa tisa mchana, haijaonyesha dalili ya kuchoka. Nimerudi kutoka kanisani viatu mkononi, matope mpaka magotini. Mama amechinja kuku kwa ajili yangu, na nyumbani kwetu kuku hachinjwi hovyo. Sahani yangu imepoa mezani. Jana nilipewa kazi niliyoitamani tangu mwezi wa saba.

Ningepaswa kufurahi.

Badala yake nina wivu zaidi kuliko nilivyokuwa juzi, kabla sijapewa chochote. Nimekaa hapa najiuliza mtu anawezaje kumwonea wivu mwenzake ambaye yeye mwenyewe amekwisha kumshinda. Sina wa kumuuliza. Padiri angenipa Salamu Maria kumi na kunirudisha nyumbani, na Mama angenicheka. Kwa hiyo naandika kwenye kaye hii, daftari la shule, ambalo angalau halisengenyi.

Nianze na Mamuzeli, maana bila yeye haya yote yasingekuwako. Watu wa kilima wanamwita Mamuzeli Nyota. Ni mwanamke wa Kizungu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, nywele kazikata kama mwanamume, na kazi yake ni kuchunguza nyota. Si kama wale wanaokutazamia nyota wakakuambia utaolewa lini. Yeye anapima mwanga wa nyota na kwa mwanga huo anajua ipi ina moto mkali, ipi imezeeka, ipi iko mbali kupita akili. Chuo kikuu cha kwao kilimtuma atafute mahali pa kusimamisha darubini kubwa karibu na ikweta, kwa kuwa hapa kwetu mtu anaona anga ya kaskazini na ya kusini bila kuhama. Alisimamisha kamera moja kwenye kilima juu ya misioni yetu, na nyingine chini Walikale, karibu na Mubi, ili alinganishe mawingu. Walikale ilishindwa mapema. Kule msituni ukungu unaamka na watu na kulala na watu.

Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Kazi ya moyo wake ni nyingine. Kuna ule ukanda mweupe unaokatiza anga wakati wa kiangazi, ambao wengi wetu tuliudhani ni wingu jembamba. Mamuzeli anasema ni mji wa nyota, galaksi, na sisi tumo ndani yake, na katikati ya mji huo panapita karibu juu ya vichwa vyetu hapa Masisi. Anatafuta humo nyota zinazobadilika: zinazong'aa na kufifia, au zile ambazo hazikuonekana kabisa, kisha zikawaka ghafla kwa wiki chache na kutoweka. Mwaka jana alikuja peke yake, akapiga picha, akaondoka nazo. Mwaka huu amerudi na picha zile ili azilinganishe na mpya.

Picha zenyewe ni vioo. Kila kioo ni kikubwa kama ukurasa wa kitabu cha misa, na nyota humo ni nyeusi, vidoto, yaani nukta nyeusi, maelfu kwa maelfu juu ya kioo kisicho na rangi. Unaweka kioo cha mwaka jana kando ya kioo cha mwaka huu, dirishani, chini yake karatasi nyeupe, unachukua lupe, ile lenzi ndogo ya kukuza, na unatafuta kidoto kilichoongezeka, kilichopungua, kilichonenepa. Ni kazi ya mchana, ya watu waliokaa, walionawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni ili mafuta ya mawese yasiguse kioo.

Mimi ni monitrisi, mwalimu wa darasa la pili pale misioni. Nina miaka ishirini na saba na sijaolewa, umri ambao watu wameacha kuniuliza na wameanza kunihurumia. Masista waliposema kwamba Mamuzeli anatafuta msichana mwenye Kifaransa na mwandiko mzuri, sikungoja jina langu litajwe. Nilikwenda siku hiyohiyo, nimevaa nguo ya Pasaka.

Nikampenda, nikamwonea wivu, vyote kwa wiki moja.

Alinisimulia maisha yake kidogokidogo, tukiwa tunangoja vioo vikauke. Alisoma mpaka mwisho wa kusoma na kupata cheti sawasawa na wanaume wa darasa lake. Wanaume wakapewa darubini. Yeye akapewa meza, pamoja na wasichana wengine, ahesabu na kupima vioo vilivyopigwa na wengine. Miaka kumi na moja. Alichokiona yeye kwenye kioo kilitoka gazetini kwa jina la profesa. Usiku hakuruhusiwa kwenye darubini kwa sababu, walisema, haifai mwanamke kukaa gizani na wanaume wa zamu. Safari ya huku alipewa kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeitaka. Na profesa alimwambia waziwazi: ukirudi na kitu kipya, kuna nafasi ya kudumu, ukirudi na majedwali ya mawingu tu, meza yako ya kuhesabu ipo.

Aliyasema hayo akicheka, huku akisugua kidole chenye doa la dawa. Nami, badala ya kumwonea huruma, niliwaza: huyu ana miaka arobaini, hana mume wala mtoto, na watu wanapomwona wanamuuliza habari za anga. Hata shida zake nilizitamani. Shida yake ilikuwa nyota. Yangu ilikuwa nani atachota maji wiki ambayo muke wa Petro anatapika.

Muke wa Petro ni Feresita. Sasa tumefika.

Petro ni mdogo wangu, dereva wa kamyo ya mfanyabiashara, anayeteremka Mubi na chumvi na vitambaa na kurudi na ndizi na mawese. Huko njiani, Mpofi, ndiko alikomwona Feresita. Alituletea huyu binti wa msituni miaka miwili iliyopita, mnene kidogo, mpole, hajui hata kuandika jina lake, anaogopa baridi yetu kama mbuzi anavyoogopa mvua. Mimi nikiwa dada mkubwa wa bwana wake nilikuwa na haki ya kumtuma, na nilimtuma. Sikuwa mbaya kwake. Mtu hawi mbaya kwa mtu asiyemtisha.

Kosa nililifanya mwenyewe. Nilimkaribisha Mamuzeli nyumbani aonane na Mama, aone shamba letu la maharagwe, na, nikiri, aone kwamba mimi si msichana wa barabarani bali nimetoka kwenye ukoo wa Wakristo wa siku nyingi. Ilikuwa majira ya kuvuna. Feresita alikuwa amekaa mlangoni na lungo mapajani, anachagua maharagwe ya mbegu. Mama anataka mbegu zisichanganyike hata punje moja, na maharagwe yetu yanatofautiana kidogo tu: haya yana mstari mwembamba, yale hayana. Feresita alikuwa anaongea na Mama, hata hatazami sana, na vidole vyake vinaokota, vinatupa, vinaokota, vinatupa. Mamuzeli alisimama pale mlangoni mpaka chai yake ikapoa.

Kesho yake aliniambia nimlete.

Kulikuwa na jaribio. Vioo viwili ambavyo yeye mwenyewe alikwisha kuvichunguza, akajua kuna mabadiliko kumi. Mimi nilivitazama siku nzima, kidoto baada ya kidoto, mstari baada ya mstari kama ninavyosahihisha imla, nikapata manne. Macho yalinitoka machozi. Feresita alikaa asubuhi, akakataa lupe mwanzoni, akasogeza uso, akaupeleka mkono juu ya kioo bila kukigusa, kana kwamba anakipeta. Kabla ya saa sita alikuwa amepata yote kumi, na jingine la ziada, ambalo lilikuwa ila ya kioo chenyewe. Mamuzeli aliomba nimuulize anafanyaje.

"Mi siangaliake nyota moja moja, dada," alinijibu. "Naangalia lungo muzima. Ile yenye haifanane na wenzake, njo inaniita."

Nilimtafsiria Mamuzeli. Akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari chini. Mimi nilikuwa nimemwandikia majedwali ya wiki tano bila doa la wino, na hakuna neno langu hata moja lililopigiwa mstari.

Kuanzia siku hiyo kazi iligawanywa. Feresita anatazama na kuzungushia duara la wino, upande wa nyuma wa kioo. Mimi nahakikisha, napima, naandika kwenye regista. Kuhakikisha kulikuwa hivi: kila sehemu ya anga hupigwa picha mara mbili usiku mmoja, vioo viwili, tunaviita mapacha. Kidoto kipya kikiwa kwenye pacha mmoja tu, ni vumbi au ila. Kikiwa kwa wote wawili, mahali palepale, ni nyota. Vumbi halina akili ya kukaa mahali pamoja mara mbili.

Wivu wangu haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama unyevu unavyoingia kwenye unga, siku moja unagusa unakuta umeganda. Niliudhika Mamuzeli alipomletea Feresita kiti chenye mto. Niliudhika Feresita alipotazama ile galaksi nyingine, ya mbali, doa dogo la kijivu pembeni ya kioo, akasema "apa batu balimwanga bunga", na Mamuzeli akacheka mpaka akashika mbavu, akaliita doa hilo Unga tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa nimejifunza jina lake la kweli, lenye namba, na nililitamka vizuri. Jioni nyumbani nilianza kuona makosa. Feresita ametia chumvi nyingi. Feresita hakufunga banda la kuku. Mama alinisikia mara moja na mara mbili, na mara ya tatu akaweka jembe chini.

"Ansila, weye uko na masomo yako, uko na mushahara, masista banakuheshimia. Unatafuta nini tena ku macho ya muke wa ndugu yako?"

Nilikuwa natafuta macho yenyewe.

Maana nilimhesabia kila kitu. Ana bwana. Ana mimba, ya miezi minne sasa. Ana mama mkwe anayempenda kuliko anavyonipenda mimi niliyetoka tumboni mwake. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, kichwa changu, na hata hicho kwenye meza ile ya dirishani kikawa cha pili. Mungu alipokuwa anagawa, naona huyu binti wa Mpofi alirudi kwenye mstari mara mbili na hakuna aliyemwona.

Kisha Mamuzeli alisema jambo lililonimaliza. Atakapoondoka, ataacha meza, lupe na nakala za vioo, na mwanamke mmoja atalipwa na chuo kikuu aendelee kuchunguza na kumwandikia. Na kila nyota mpya itakayochapishwa, jina la aliyeiona litachapishwa kando yake. Aliapa. Alisema yeye hatamfanyia mtu alichofanyiwa.

Jina. Limechapishwa. Ulaya.

Niliota jina langu siku tatu mfululizo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa nane, siku ya soko, Mamuzeli ameteremka Mubi kukagua kamera ya kule. Tulikuwa wawili tu. Vioo vilikuwa vya siku chache zilizopita, vya upande ule ambapo mji wa nyota umesongamana zaidi. Feresita alivitazama muda mrefu, halafu akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ndege na hataki aruke.

"Dada, kuya. Huyu ni mugeni. Ku kioo ya mwaka jana hakukuwaka."

Niliinama. Kidoto cheusi, cha mviringo, kingo safi, kikubwa kuliko majirani zake wote. Kwenye kioo cha mwaka jana, mahali pale palikuwa patupu. Moyo uliniruka kwa furaha, nakumbuka vizuri, ulianza kuruka kwa furaha kabla sijakumbuka ni nani aliyeiona.

Nikamchukua pacha. Nikapima kutoka nyota tatu za jirani, kama tulivyofundishwa. Ilikuwepo. Mahali palepale, mviringo uleule.

Niliirudia kupima. Bado ilikuwepo.

Nikafungua regista, nikaandika namba ya kioo, tarehe, vipimo, na kwenye safu ya mwisho neno moja la Kifaransa, *poussière*. Vumbi. Mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo. Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta duara la wino alilochora. Nikamwambia kwamba pacha hana kitu, ni vumbi tu.

"Aa. Basi nilikosea," akasema, na akavuta kioo kingine.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba dhambi kubwa inahitaji mtu akasirike kwanza. Mimi nilikuwa mtulivu. Nilihisi hata njaa, nikala viazi viwili.

Baada ya siku hiyo Feresita alibadilika. Akaanza kuniuliza mara mbili kwa kila kidoto: hii dada ni kweli, ao ni vumbi? Mkono wake ukawa mzito. Siku nyingine alikuwa anarudisha vioo bila duara hata moja. Wiki iliyopita akamwendea Mamuzeli mwenyewe, kwa Kiswahili chake na mikono yake, akamweleza kwamba mimba imemchosha, macho si yale, na kwamba dada Ansila ndiye anayefaa kubaki na kazi. Aliniombea, mimi niliyekuwa nikipanga maneno ya kumwondoa.

Jana Mamuzeli akanipa mkono. Nafasi ni yangu. Kisha kwa Kifaransa, kwa upole wote, akaniambia kwamba moyo wake ulikuwa kwa Feresita, macho ya namna ile ameyaona kwa mtu mmoja tu maishani mwake, lakini nitajitahidi, si ndiyo? Hakujua anatia chumvi kwenye kidonda. Na alionekana amechoka. Masanduku yake yamejaa majedwali ya mawingu. Aliniambia anajua anachorudi kukikuta.

Nikatazama pembeni. Nyota ya namna ile inawaka wiki chache. Kama ningeandika ukweli mwezi wa nane, angeielekezea kamera kila usiku, angepima inavyofifia, angeupitisha mwanga wake kwenye mche wa kioo, ugawanyike rangi, na kujua imetengenezwa na nini. Sasa mvua imeshaanza. Anga imefungwa. Kilichobaki ni vidoto viwili kwenye vioo viwili na neno langu kando yake.

Hata hivyo vidoto viwili vinatosha, Mamuzeli aliwahi kutueleza. Nyota mpya ina tarehe na mahali, na aliye na vioo anayo. Vinatosha kumtoa mtu kwenye meza ya kuhesabu.

Yote hayo niliyajua jana na nikalala usingizi mzuri. Kilichonivunja ni cha leo.

Tulipotoka misa tuliketi jikoni, mimi na Feresita, tunangoja kuku aive. Mvua inapiga bati, Mama amelala. Feresita ana lungo mapajani. Bila kuinua macho akaanza kusema, polepole, kama mtu anayetafuta njia kwenye utelezi.

"Dada, usikasirike. Ile nyota ya siku ya soko. Weye ulitoka inje kukula, mi nikaangalia ule pacha. Ilikuwa pale."

Nikasukuma ukuni motoni.

"Mi nikajua dada hakuiona. Macho inachokaka, na weye unaandikaka sana. Sasa ningesema namna gani mbele ya Muzungu? Weye njo dada ya bwana yangu. Nikuhayishe, nikutie haya mbele ya batu? Nikanyamaza. Nyota iko mingi."

Akaokota punje moja, akaitupa nje mvuani.

Nilimwuliza kama ndiyo sababu aliacha kazi. Akasema ndiyo, kidogo. Kila alipoona kitu aliogopa kwamba mimi nitakikosa tena, na yeye itabidi aseme au anyamaze, na vyote viwili vinachosha. Kwao Mpofi, alisema, mke hamsahihishi dada wa bwana wake mbele ya wageni. Na kwetu ni vilevile, nilimfundisha mimi mwenyewe mwezi wa kwanza alipofika, kwa ukali.

Kwa hiyo amenihurumia. Mwezi mzima amekuwa ananihurumia. Kila nilipomtuma maji, kila nilipomsema kwa chumvi, alikuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama kipofu asiyejua kwamba ni kipofu, na ananilinda.

Niseme ukweli wote, maana hapa hakuna anayesikia. Nilipomsikia sikulia kwa sababu ya dhambi yangu. Damu ilinipanda kwa sababu anadhani sikuiona. Nilitaka kumshika mabega na kumwambia: niliiona, niliiona kabla hujamaliza kuninyooshea kidole, nilipima mara mbili, sikukosea hata unywele. Ningependa zaidi anijue ni mwovu kuliko anijue sina macho.

Huyo ndiye mimi. Monitrisi wa darasa la pili, ninayefundisha watoto Amri za Mungu kila Ijumaa.

Nikainuka nikaja hapa mezani. Regista iko mbele yangu. Mamuzeli aliniachia mpaka kesho jioni niinakili, maana Jumanne Petro anapakia masanduku yote kwenye kamyo na kumteremsha Mubi, afunge kambi ya kule, na kutoka kule ataendelea na safari ya kwao bila kupita tena hapa. Nimeifungua ukurasa wenyewe. Neno langu limekaa pale, zuri, limelala mstarini.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: naweza kuandika kwamba leo, nikinakili, nimeshuku, nikavirudia vioo, nikaiona nyota. Mimi. Feresita asingepinga. Amekwisha kuniambia kwamba hapingi. Mamuzeli angepata nyota yake, profesa angeaibika, mimi ningepata jina langu, na kazi ningeshika, na hakuna ambaye angepoteza kitu isipokuwa mtu asiyejua kusoma jina lake hata likichapishwa. Nilichukua penseli nikaandika jina langu pembeni, hafifu, nione linavyokaa.

Linakaa vizuri sana.

Nililitazama mpaka Mama alipoamka na kuniita nile. Nikalifuta kwa mkate, kama masista wanavyotufundisha, mpaka karatasi ikawa na manyoya. Kisha nikachukua wino. Nimelikata lile neno kwa mstari mmoja, lisomeke bado, kwa kuwa Mamuzeli hataki kitu kifutwe kwenye regista, anataka kosa lionekane na masahihisho yaonekane. Juu yake nimeandika: nyota, kwa mapacha wote wawili. Na kwenye safu ya aliyeiona nimeandika jina la Feresita lote, la ubatizo na la baba yake. Ni mara ya kwanza kuliandika. Ni refu kuliko langu.

Wino bado haujakauka vizuri kwa ajili ya unyevu huu.

Masahihisho hayo yana mwandiko uleule wa kosa, na Mamuzeli si mjinga. Ataniuliza. Atakumbuka mtu mmoja aliyekuwa anahakikisha. Kazi itaondoka, hilo najua, meza na lupe vitahamia kwa mwenye macho, na mimi nitarudi kwenye imla za darasa la pili na nitamtazama Feresita kila asubuhi akinawa mikono mpaka viwikoni. Nikiwaza picha hiyo wivu unanikaba upya, palepale, mbichi. Kwa hiyo sijapona. Nilidhani nikikata neno lile nitapona.

Nimekwisha kumwambia Feresita kesho tunapanda wote kwa Mamuzeli. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu nisisahau kufunika regista, mvua.

Ningeweza kukiri kwa Kifaransa, yeye akiwa amesimama pale mlangoni anatabasamu bila kuelewa, aendelee kudhani dada yake macho yalichoka. Sitaki. Nitasema kwa Kiswahili, ambacho Mamuzeli sasa anakisikia kiasi, wote wawili waelewe: niliiona siku ileile, nilipima mara mbili, nikaandika vumbi. Mamuzeli atajua alikaa na mwongo. Feresita atajua kwamba huruma yake ya mwezi mzima aliitupa.

Nimelijaribu neno lenyewe kwa sauti, peke yangu hapa, mara kadhaa. Niliiona. Linatoka bila shida, hata lina utamu fulani mdomoni, na hilo ndilo linalonitisha. Kesho nikimtazama usoni na kulisema, nitakuwa ninatubu, au nitakuwa bado ninashindana naye?